Kuku wa Kamba Nyekundu Mezani kwa Wakwe

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Navakholo, na haya yalinipata mimi mwenyewe. Msinionee huruma upesi. Nisikilizeni kwanza...

Nilikuwa mfungaji wa kuku. Senge Rodha, dada mkubwa wa baba yangu, ana biashara ya kuku wa kienyeji mjini Kakamega. Wakishachinjwa na kunyonyolewa, mimi ndiye niliyewatia mifukoni, nikawafunga na kuwapanga kwenye maboksi ya barafu, tayari kwa basi la Nairobi. Ni kazi ya baridi na harufu, lakini niliipenda. Mama alipofariki, senge ndiye aliyenichukua. Nilimwamini kuliko mtu yeyote!

Sheria aliiweka yeye mwenyewe. Kamba nyeupe, kuku wa safari. Kamba nyekundu, kuku wa kutupwa shimoni. Kuku aliyekufa kabla ya kisu hamwagi damu, kwa hiyo shingo yake huwa nyeusi na nyama ina rangi ya ini. Hao niliwafunga nyekundu nikawaacha kwenye friji ya pembeni, wafanyakazi wakawazike kwenye shimo nyuma ya banda la kuchinjia. Ndivyo nilivyoambiwa.

Kisha ugonjwa wa kideri ukaingia. Kuku walikufa kijiji baada ya kijiji, na senge akawa ananunua magunia ya kuku waliokwisha kukakamaa! Nilimwuliza kwa nini.

"Si wewe unawatenganga?" akacheka. "Basi tenga, mengine niachie."

Nikatenga. Nilifunga nyekundu mpaka vidole vikaniuma.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Wafula, fundi wa umeme kutoka Lumakanda. Wazazi wake walipotuma habari kwamba wanakuja kwetu, senge alisimama mbele ya baba akasema kuku wote wa siku hiyo ni juu yake. Baba alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Mnajua kwetu mambo yalivyo, mkwe asiyewekewa kuku hajakaribishwa, hata umlaze kwenye godoro la dhahabu.

Siku yenyewe nilifungiwa chumbani nimevaa vizuri, jikoni sikuruhusiwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuwapelekea wageni sahani ya pili ya obusuma, ugali wetu, wakishaanza kula, wanione nikihudumia. Nikaitwa. Nikapita jikoni kuichukua...

Kando ya moto palikuwa na rundo la mifuko mitupu. Kamba nyekundu! Mafundo yalikuwa yangu, ya mikono yangu mwenyewe! Na juu ya harufu ya vitunguu ilikuwepo ile nyingine, ya uozo, ninayoijua mimi.

Nilimshika senge mkono nikamwuliza kwa sauti ya chini. Mnajua alinijibu nini?

"Wale wazuri walikuwa na oda, mama. Na moto unauanga kila kitu. Usiniaibishe mbele ya wageni."

Nimwaibishe!

Ningefanya nini? Nikinyamaza, wakwe zangu wanakula mizoga. Nikisema, ndoa yangu imekwisha. Niliingia sebuleni. Baba yake Wafula ndiye aliyepewa firigisi, heshima ya mgeni mkuu, na alikuwa anaipeleka mdomoni. Nikamnyang'anya!

"Msile! Hawa kuku walikufa wenyewe!"

Mama yake Wafula alitoka mbio akatapika kwenye maua ya mlangoni. Senge akapiga yowe kwamba nimerukwa na akili. Na baba yangu... baba yangu mzazi akanizaba kofi mbele ya wageni wote, kisha akamgeukia dada yake akamwomba msamaha. Wageni waliondoka bila kuaga.

Jioni Wafula alinipigia simu. Alisema ananiamini. Kisha akasema mama yake ameapa hawezi kuunga undugu na watu wanaopika mizoga, naye hawezi kumpinga mama yake. Nililia mpaka sauti ikaniisha. Sasa ameoa kwingine.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa senge kuchukua nguo zangu. Nikazunguka nyuma ya banda la kuchinjia, mara ya kwanza tangu nianze kazi ile. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na sukuma wiki na kamba ya kuanikia nguo za wafanyakazi! Basi miezi yote ile watu wa Nairobi walikuwa wakila nini? Nikiwaza hivyo nasikia kinyaa mpaka kwenye meno. Na senge bado anauza kuku, bado anaketi kiti cha mbele kanisani, na baba bado anakula kwake.

Ndugu zangu mnaofunga vyakula vya watu, kutenga kibovu hakutoshi. Nilijiona msafi kwa sababu nilifunga kamba iliyo sahihi. Ile firigisi ningeinyang'anya tena hata leo, hilo silijutii. Ninachojutia ni kwamba nilipiga kelele siku mzoga ulipofika mezani kwa watu wangu. Walipokuwa wanakula wa mbali nisiowajua, sikuuliza tena. Tafadhali, ninyi ulizeni mapema.