Ukungu Juu ya Upanga

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, nikitoka kazini kwenye nyumba ya mnada, nilipitia mtaa wa Bertrams, nyumbani kwa rafiki yangu Bakiri, kumwangalizia upanga. Yeye huuza vitu vya kale. Huu, wa Kijapani, aliununua kwa mjane mmoja wa Turffontein. Tangu wiki aliyoununua, kifua kilikuwa kinambana.

"Shemeji, niambie ni chuma tu," mkewe, Zabibu, alininong'oneza mlangoni. "Hospitali hawaoni kitu."

Kutoka chumbani Bakiri akakohoa. "Mkenya! Usinishushie bei!"

Niliuweka mezani chini ya taa, nikauchomoa kwenye ala. Kikingio cha mkono kilikuwa cha chuma, kimetobolewa umbo la korongo wawili. Nikagonga pegi ya mwanzi, nikavua mpini. Mkia wa upanga, unaofichwa humo ndani, ulipaswa kuwa mweusi kwa kutu. Kutu hiyo ndiyo inayoonyesha umri. Haiguswi.

Huu uling'aa. Jina la mhunzi lililochongwa hapo lilikuwa limefutika.

"Nani kausugua?"

"Yeye. Kwa msasa. Alisema wateja hawanunui kutu." Zabibu akashusha sauti. "Vumbi lake lilinuka damu, shemeji. Kulipokucha akaanza kubanwa."

Vumbi la kutu kifuani. Nilitaka iwe hivyo tu.

Nikabana karatasi midomoni, kama tufanyavyo ili pumzi isiguse chuma. Zabibu akajifunika mdomo kwa mtandio. Nikauinua upanga kwenye mwanga.

Ukungu ukatanda juu yake.

Ukafifia. Ukarudi...

Chumbani Bakiri alitoa pumzi. Ukungu ukatanda. Akavuta. Ukafifia.

Unyevu juu ya upanga hufutwa papo hapo. Mkono wangu umezoea, haukuniuliza. Ulichukua kitambaa, ukafuta.

Chumbani, kimya.

"Baba Bushra?" Zabibu akamwita mumewe. "Baba Bushra!"

Kimya.

Nilihesabu hadi ishirini na tatu. Kisha, karibu na ncha, ukatokea ukungu mdogo, ukubwa wa sarafu.

Bakiri akakohoa.

Nilinyoosha mkono kuchukua ala. Zabibu akanishika.

"Usiufunike," alinong'ona. "Tafadhali. Uache hivyo hivyo."

Hadi leo upanga uko wazi juu ya kabati lao. Hauuzwi. Bakiri anatembea, ila ngazi hapandi, na utani ameacha. Pumzi haimtoshi.

Kitambaa ninacho mimi. Wiki ya sita sasa nakianika juani.

Hakikauki.