Tovuti ya Shangazi Fundi Viatu

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alipitia kwenye karakana ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Hilo halikuwa jina lake la daftarini. Alibandikwa jina hilo na wenzake kwa sababu alipoanza kusema hakumeza mate. Alifagia vipande vya ngozi chini ya cherehani, akapanga makopo ya gundi, huku akimsimulia shangazi mambo yote ya darasani, hata yasiyomhusu.

Shangazi alikuwa fundi viatu, lakini si wa viatu vya kawaida. Aliwashonea watu ambao mguu wao mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Aliupima mguu kwa utepe, akauchora kwenye karatasi, kisha akaijenga soli tabaka juu ya tabaka hadi mtu asimame sawasawa. Kwa miaka mingi hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, na wagonjwa waliiona karakana yake wakitoka tu getini. Mwaka ule hospitali ilihamia upande wa pili wa mji. Wateja wakapungua, hata zikawa zinapita siku nne mfululizo bila mtu kupiga hodi.

"Kizuri chajiuza," shangazi alijipa moyo.

"Kitajiuzaje, shangazi, nacho hakionekani?" Chiriku akamjibu. "Siku hizi watu wanatafuta kwenye simu. Nikutengenezee tovuti."

Shangazi akacheka. "Haya, mwanangu. Mimi naijua sindano. Hayo mengine utaniongoza wewe."

Mwalimu wa kompyuta alifurahi kusikia habari hiyo. Alimweleza Chiriku kwamba kwanza achague mfumo wa kuendeshea tovuti, yaani programu inayomwezesha mtu kuandika kurasa, kuweka picha na kuzibadilisha bila kuwa mtaalamu. Akampa miwili ya kujaribu bure.

"Usichague kwa macho," alimwonya. "Jaribu kila mmoja wiki nzima. Kurasa zinafunguka upesi kwenye simu ya kawaida? Kila ukurasa unaweza kuwa na kichwa chake? Na maandishi, yanabaki maandishi au yanageuzwa picha? Mtu anapotafuta kitu mtandaoni, mtambo wa utafutaji husoma maneno. Pasipo na maneno, huo unapita tu."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, lakini jioni ileile alikuwa amekwisha kuamua. Katika mfumo wa kwanza picha za viatu zilizunguka zenyewe, na herufi za rangi ziliteremka taratibu kutoka juu. Wa pili ulikuwa mweupe, mtulivu, hauna mbwembwe. "Huu umekuja na nguo za shambani," akasema peke yake, akauacha. Wiki za majaribio hazikuwapo.

Siku kumi zikapita tangu aiweke tovuti mtandaoni kwa ule mfumo wa kwanza, simu ya shangazi kimya. Chiriku alipoitafuta tovuti yenyewe, hakuiona popote. Mfumo aliouchagua ulikuwa umegeuza maandishi yote kuwa picha, na kurasa zote tano zilitumia kichwa kimoja. Aliona aibu kurudi kwa mwalimu, akatafuta njia ya mkato. Aligundua kwamba watu wengi huandika "daktari wa miguu". Basi kwenye kile kichwa kimoja, maneno pekee ambayo mtambo wa utafutaji uliweza kuyasoma, akaandika: Daktari wa Miguu, Matibabu ya Haraka. "Wakishafika, watajionea viatu," alijifariji.

Mjini mle hakuna mwingine aliyekuwa ameandika hivyo. Baada ya siku chache tovuti ikapanda juu.

Jumamosi asubuhi, mama mmoja aliingia karakanani akihema, amembeba mtoto wa kike wa miaka kama sita. Mguu wa kulia wa mtoto ulikuwa umevimba na kung'aa.

"Hodi! Nimemkuta daktari?"

"Karibu, dada," shangazi akasema, akitazama huku na huku. "Daktari gani?"

"Wa miguu. Mwanangu alichomwa na msumari siku tatu zilizopita. Nimepanda magari mawili kuja hapa. Kituo cha afya cha kwetu nimekipita njiani, maana simu ilionyesha kwamba daktari wa miguu yuko hapa."

Shangazi aliuweka mkono wake kwenye mguu ule, akauondoa upesi. Ulikuwa wa moto. Hakuuliza la zaidi. "Dada, mimi nashona viatu tu. Mtoto huyu anahitaji tiba sasa hivi. Twende, nitakusindikiza." Akamgeukia Chiriku. "Baki na karakana."

Chiriku alibaki peke yake na saa ya ukutani. Alishika ufagio akauweka, akaushika tena. Kila alipofumba macho aliuona mguu ule unaong'aa. Mama yule alikuwa amekipita kituo cha afya, na aliyempitisha ni nani?

Shangazi alirudi mchana, amechoka. "Wamemsafisha kidonda na kumchoma sindano. Tabibu anasema angechelewa hadi kesho, yangekuwa mengine." Akaketi. "Ila sielewi. Yule dada anasema simu imemwambia mimi ni daktari. Mimi, na nyundo hii?"

Chiriku angeweza kunyamaza, kwa kuwa shangazi hakujua kuifungua hata hiyo tovuti. Lakini alipiga moyo konde.

"Ni mimi, shangazi. Niliandika uongo ili watu waje." Akaeleza yote, kuanzia onyo la mwalimu alilolipuuza, machozi yakimdondoka kwenye sare.

Shangazi hakufoka. Alimwacha alie, kisha akamfuta uso kwa upindo wa aproni yake. "Ulitaka kunisaidia, najua. Lakini msaada wako ulimpotezea mtoto muda asiokuwa nao. Yafute maneno hayo sasa, kabla hajaja mwingine. Kesho tutakwenda wote kumwomba yule mama msamaha."

Walikwenda. Mama yule aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Umenitia uchungu, mwanangu. Lakini wangapi wangekuja kusema?" Mtoto alikuwa kitandani, homa imeshuka, akidai uji.

Jumatatu Chiriku alirudi kwa mwalimu wa kompyuta, akakiri kwamba hakujaribu chochote. Safari hii walikaa na mifumo yote miwili wiki mbili. Waliifungua kwa simu ya shangazi, ile yenye kioo kilichopasuka. Wa kwanza ulichukua nusu dakika kufunguka. Ule wa nguo za shambani ulifunguka kabla Chiriku hajamaliza kuhesabu hadi tatu. Kila ukurasa wake ulikuwa na kichwa na anwani yake, chini ya kila picha palikuwa na nafasi ya maelezo, na shangazi aliweza kuandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

"Sasa tuandike nini?" shangazi akauliza.

Chiriku akawauliza wateja wa zamani wangetumia maneno gani. Yeye alidhani ni "viatu tiba", lakini hakuna aliyesema hivyo. Walisema, "mguu mmoja mfupi", "kiatu cha kuinua kisigino". Maneno hayohayo akayafanya vichwa vya kurasa, na juu kabisa akaandika: Mimi ni fundi viatu, si daktari. Mwenye kidonda aende kituo cha afya kwanza.

Mwezi haujaisha, akaja mzee aliyewahi kuwa tarishi wa posta. "Miaka kumi na tisa natia matambara kwenye kiatu," alisema. "Mjukuu wangu aliandika kwenye simu vile ninavyosema mwenyewe, mguu mmoja mfupi, ukatokea wewe." Viatu vyake vilipokuwa tayari alivivaa, akaizunguka karakana, akasimama. "Ngojeni," akasema, "nizunguke tena."

Alipoondoka, shangazi alimshika Chiriku bega.

"Umeona, mwanangu? Anayekutafuta anakuamini kabla hajakuona. Ukimdanganya, umemwibia njia yake. Lakini ukifanya kazi yako kwa subira, ukasema ukweli kwa maneno anayoyaelewa, atafika, na hatajuta kufika."