Mkono Mmoja Huachwa

Jioni ile nilikuwa na mitego kumi na miwili, na chambo kilitosha mitego kumi na mmoja tu.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya chakula cha kanisa. Kila Desemba kanisa letu hapa kwenye tambarare za Arkansas hupika rakuni, mnyama wa porini mwenye manyoya, mkubwa kama paka, kwa viazi vitamu, na kwa miaka thelathini na mbili mimi, Cleotha Bledsoe, ndiye ninayewaletea hao rakuni. Dada Ruvenia, mkuu wa jiko la kanisa, aliniagiza sita. Alinikuta barazani nikikoroga ndoo.

"Mungu wangu, ni nini kinachonuka hivyo?" aliuliza huku ameziba pua.

"Vichwa vya samaki."

"Na unalala humo humo ndani, Kaka Cleotha?" alisema akicheka.

"Nalala peke yangu, Dada. Nani atalalamika?"

Akaacha kucheka. Mke wangu Verlene tulimzika Aprili, na tangu hapo watu huacha kucheka ghafla wakiwa nami. Hilo lilinichosha kuliko kilio chenyewe.

"Ijumaa ukae mezani na watu," alisema. "Usibwage nyama mlangoni ukakimbia."

"Tutaona."

"Hakuna cha tutaona. Nitakuwekea sahani."

Alipoondoka nikabeba mitego yangu nikashuka kinamasini, jua likiwa limebaki kidogo tu juu ya miti.

Watu hudhani chambo ni chakula. Sivyo. Rakuni ana chakula tele: kamba wa mtoni, vyura, mahindi yaliyosahauliwa shambani. Chambo ni kile anachokitamani na hakipati. Samaki anavuta upesi, lakini anavuta na paka wa majirani. Ukiwa karibu na nyumba tumia vitamu: molasi, siagi ya karanga, peremende zile nyeupe laini ambazo paka hana habari nazo. Juu yake unadondosha mafuta ya anisi, harufu isafiri mbali. Kukiwa na mbalamwezi unaongeza kikaratasi cha kung'aa, kwa sababu rakuni hawezi kukiona akapita.

Mtego wenyewe ni bomba fupi la chuma, upana wake kama kikombe, limechomekwa ardhini. Chambo kiko chini kabisa. Mbwa hawezi kunaswa humo. Anayenaswa ni mwenye mkono tu. Anauingiza, anashika, anavuta... na chuma kinambana kifundoni. Rakuni ana vidole vitano, na alama yake topeni utadhani ni ya mtoto mchanga aliyepita akitambaa.

Mtego wa kumi na mbili ulikuwa chini ya msipresi mkubwa, mti mzee uliosimama kwenye maji, wenye tundu shinani. Hapo palikuwa na rakuni mzee aliyenichezea wiki tatu nzima. Samaki hakumgusa. Molasi hakuigusa. Siagi ya karanga aliilamba ukingoni akaniachia bomba safi. Na sasa ndoo ilikuwa tupu.

Nikarudi jikoni kutafuta chochote. Nyuma kabisa ya kabati mkono wangu uligusa kopo la bluu.

Biskuti za kungumanga. Verlene alizioka wiki yake ya mwisho. Zilibaki saba, ngumu kama kokoto. Miezi minane sikuweza kuzila, sikuweza kuzitupa. Nikajiambia ni afadhali zifanye kazi kuliko kuliwa na panya. Ukweli ni kwamba nilitaka kisingizio cha kufungua kopo ninuse.

Nilinusa. Nikalia pale pale, mtu mzima, nimekumbatia kopo.

Kisha nikarudi kwenye msipresi, nikavunja biskuti moja ndani ya bomba, nikatega.

Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito. Mitego mitano ilikuwa na rakuni. Nikafika kwenye msipresi.

Mtego ulikuwa umefyatuka. Mtupu. Biskuti haikuwepo, hata chembe.

Kwenye tope mbele ya tundu palikuwa na alama ya mkono.

Mmoja tu. Mkono wa mtu mzima. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka. Na kidole cha pete kilikuwa kifupi.

Mashine ya kiwanda cha viazi vya makopo ilimkata Verlene ncha ya kidole cha pete mwaka tuliooana.

Nilisimama pale mpaka maji yakaingia kwenye buti. Nikajipa sababu. Rakuni mzee aliwahi kunaswa mahali, akapoteza kidole. Tope limelegea, alama imetanuka. Sababu zilikuwa nzuri na sikuziamini hata moja. Jioni nikarudi na biskuti ya pili, nikaiweka juu ya mzizi, na chuma sikukitega.

Alhamisi alfajiri mtego mwingine ulinipa rakuni wa sita, lakini kwenye msipresi biskuti yangu haikuwepo. Mahali pake, juu ya jani safi, palikuwa na biskuti nyingine.

Nzima. Laini. Ilikuwa inatoa mvuke kwenye baridi ile.

Mtegaji yeyote anaijua mbinu hii. Siku ya kwanza unampa bure. Unamwacha ale azoee njia, kesho aje bila woga. Mimi mwenyewe nimewafundisha watu hivyo, na nilijua kabisa ninachokitazama.

Nikaila. Ilikuwa ya Verlene. Hata kile kichumvi alichozidisha siku zote kilikuwemo.

Mchana nilimpelekea Ruvenia rakuni wake sita kwenye jiko la kanisa, wamechunwa na kuoshwa. Kwetu rakuni akichunwa anakatwa miguu yote, ila mkono mmoja huachwa na manyoya yake. Mkono huo ndio ushahidi. Bila huo hujui kama umeletewa rakuni au paka.

Ruvenia alikagua mmoja mmoja, akiupa kila mkono heshima ya kuusalimia. "Hujambo bwana. Na wewe hujambo. Haya, wote rakuni. Nisije nikamlisha mchungaji nyau!"

Wanawake wa jikoni wakacheka. Mimi nikahisi uso unaniwaka.

Kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa mto ulifurika, mitego yote ikazama, na mhubiri mgeni alikuwa anasubiri chakula. Nikachukua paka. Nikachukua mkono wa rakuni wa zamani uliokuwa umening'inia ghalani. Nikaushona kwenye yule paka aliyechunwa kwa uzi mweupe wa magunia, nikafunga fundo langu, lile la mizunguko mitatu ninalofungia mitego, kisha nikavuta manyoya yakafunika mshono. Verlene alinishikia taa, halafu akaenda kulala kwa mama yake wiki nzima. Mhubiri aliomba aongezwe.

Hakuna mwingine aliyejua. Ni yeye na mimi tu.

Ruvenia alinisogelea. Akanusa koti langu.

"Umeoka?"

"Mimi? Naoka nini?"

"Cleotha." Hakusema Kaka. Akanivuta nyuma ya mlango, akanong'ona. "Hiyo ni kungumanga ya Verlene. Ninaijua. Umefanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote isipokuwa paka.

Alikikunja kitambaa cha sahani mkononi mwake.

"Uliweka chakula cha marehemu chini, jua linazama, na ukamlilia?"

"Nilikuwa natega rakuni, Dada."

"Ulikuwa unaita. Na anayekuja kwenye chambo ni mwenye njaa, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Unadhani Verlene huko aliko ana njaa?" Akanishika mkono kwa nguvu. "Usirudi pale. Kesho njoo ukae na sisi. Nitakuwekea sahani, unasikia?"

Nilimwitikia. Jioni nikarudi pale.

Nilikuwa na kurunzi lakini sikuiwasha. Kinamasi kilikuwa kimya, hata vyura... kimya. Harufu ya kungumanga ilinipokea kabla sijauona mti. Nikapiga magoti kwenye tope, mbele ya tundu.

"Verlene?"

Kitu kikakwaruza ndani. Taratibu. Kikashuka.

Mkono ukatoka.

Ulikuwa wake. Vifundo vilivyovimba, kovu la pasi, kidole kifupi. Nikauinulia wangu nao ukaushika. Ulikuwa wa moto, na nilikuwa nimesahau kabisa jinsi mtu mwingine anavyokuwa wa moto. Ukanigonga kiganjani mara tatu, kama alivyonigonga kanisani chini ya kitabu cha nyimbo mahubiri yakirefuka, maana yake twende nyumbani.

Miezi minane hakuna aliyenigusa zaidi ya kunipa pole. Nililia nikambusu vidole.

Ukaanza kunivuta. Kidogo. Kiganja changu kikaingia tunduni. Kisha kiwiko.

"Njoo wewe," nilinong'ona. "Toka. Nikuone."

Ukagonga mara tatu.

"Nikuone uso tu, mke wangu."

Mara tatu.

Nikawasha kurunzi kwa mkono uliobaki.

Uso sikuuona. Mwanga ulifika kifundoni tu, pale mkono unapoishia na kile kingine kinapoanza. Kulikuwa na manyoya yaliyovutwa kufunika, lakini yalikuwa yameloa, yamegawanyika.

Uzi mweupe wa magunia.

Mizunguko mitatu.

Fundo langu.

Nilipaswa kuuachia. Wanasema rakuni akishashika hafungui ngumi, hata akikuona unakuja na rungu, na maisha yangu yote nimemwona mpumbavu kwa hilo. Vidole vyangu vilikuwa vimeukumbatia ule mkono na sikuvifungua. Kurunzi ndiyo niliyoiachia. Ikaanguka majini, ikazimika.

Na gizani ulikuwa mkono wa mke wangu tena.

Nikaingia mpaka begani. Shavu langu lilikuwa limelala kwenye gome la mti. Ndani kitu kilikuwa kinapumua karibu sana na vidole vyangu, pumzi ya kungumanga, na chini yake harufu nyingine, ya ghala, ya manyoya mabichi. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nakumbuka nilitulia. Nakumbuka sikuwa mpweke.

Kisha ukaniachia.

Wenyewe. Taratibu, kidole kwa kidole. Sikuwa hata na mchubuko.

Nilifika nyumbani ndipo nikauelewa uungwana ule. Siku ya kwanza unampa bure.

Leo ni Ijumaa. Jua linagusa miti. Kutoka barazani nawasikia wakiimba kanisani, ng'ambo ya shamba la pamba, na sauti ya Ruvenia inazidi zote kama kawaida yake. Sahani yangu iko mezani kule, nina hakika, imefunikwa na sahani nyingine isipoe. Alipita saa tisa akanigongea. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba navaa, nakuja. Akanipitishia na kurunzi mpya dirishani, eti barabara ina giza.

Nimevaa kweli. Shati jeupe, lile alilolipenda Verlene.

Nilipofungua mlango biskuti ilikuwa kwenye ngazi, inatoa mvuke. Nyingine iko langoni. Ya tatu naiona kwenye njia, si ile ya kanisani, ile inayoshuka. Zimepangwa vizuri, hatua kwa hatua, si karibu mno wala mbali mno. Hata mimi nisingezipanga vizuri zaidi.

Najua kilicho nyuma ya ule mkono si yeye. Nimeuona mshono. Hakuna mtu katika wilaya hii anayejua zaidi yangu jinsi mkono unavyoweza kushonwa juu ya kitu chochote.

Lakini mkono ni wake.

Wameanza wimbo wa mwisho kabla ya chakula. Nimeokota biskuti ya kwanza, bado ina moto. Kurunzi ya Ruvenia nimeiacha ndani, mezani.