Soksi ya Arthur na Maji ya Baraka

"Mimi nilikuambia tungoje laini—"

"Uliniambia saa ngapi? Wewe ndiye ulisema pampu imejaa watu—"

"Nilisema imejaa, sikusema twende mtoni! Na soksi ilikuwa ya nani? Ya mjomba wangu?"

"Punguza sauti, Nerima! Na usitaje hiyo soksi ndani ya kanisa!"

Nerima na Arthur walikuwa wamesimama kwenye mlango wa kanisa la kigango, kila mmoja na fagio lake, midomo ikienda pamoja kama redio mbili zinazogombania chumba kimoja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kila Jumamosi watoto wa darasa la Kipaimara walifagia kanisa kabla ya Mwalimu Teopista, katekista wao, kufika. Wenzao walikuwa nje wanang'oa majani. Hawa wawili walipewa mlango, na hapo mlangoni ndipo lilipokaa pipa la bluu la maji ya baraka.

Pipa lilikuwa linanuka.

Tena si kunuka kwa kawaida. Hiyo harufu ilikuwa nzito, inaingia puani, inashuka kooni, halafu inakaa hapo kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Nerima aliinua kifuniko kidogo tu, akakirudisha haraka. Lakini alikuwa ameshaona. Juu ya maji kulikuwa na utando wa kijani, unavutika kama kamasi. Viluwiluwi wa mbu walikuwa wanapinda na kunyooka chini yake. Na pembeni, kimegandama kwenye pipa, kulikuwa na kipande cheupe chenye manyoya mafupi kama taulo.

Nerima alikijua. Ulikuwa ni utumbo wa ng'ombe.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ya Mkesha wa Pasaka, Mwalimu Teopista aliwatuma wachote maji kwenye pampu, Padri aje ayabariki usiku. Pampu siku hiyo ilikuwa na laini ndefu ya watu, na upande wa uwanja wa shule kulikuwa na mpira. Arthur alikuwa ameitwa katikati ya mchezo, hakuweza kusikia kelele za mpira akabaki ameshika jerikeni. Basi, ili wamalize haraka, walikwenda chini, kwenye kijito nyuma ya bucha, pale vijana wa bucha wanapooshea matumbo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Arthur akavua soksi yake ya mpira, ile ndefu ya mistari, wakachuja nayo.

Maji yalitoka yamekaa vizuri kidogo, na kwa mwanga wa mishumaa nani angejua? Ila soksi ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba.

Padri alibariki. Watu waliimba Aleluya. Kina mama walijaza chupa zao wakapeleka nyumbani. Nerima na Arthur walitazamana, wakacheka chinichini. Sasa Pasaka ilikuwa imepita, jua la Busia lilikuwa limelipika lile pipa wiki nzima na zaidi, na hakuna aliyekuwa anacheka.

"Tunasema panya imekufa ndani," Arthur alinong'ona. "Tunamwaga, tunaosha, imeisha."

"Na kama wataniuliza?"

"Unasema panya! Wewe unataka tutolewe? Askofu anakuja Jumapili ijayo. Mwalimu alisema nini? Mtu akishikwa na uongo, hapati Kipaimara mwaka huu. Utakaa nyuma na watoto wa kunyonya, na ile gauni yako nyeupe itavaliwa na mende."

Gauni la Nerima lilikuwa limeshashonwa. Msimamizi wake wa Kipaimara, shangazi Aidah, alikuwa anakuja nalo kutoka Tororo.

Ndipo Kukhu Nasirumbi alipoingia. Kukhu ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa kigango kizima. Alikaa benchi la mbele kila Jumapili, rozari shingoni, na mtoto aliyefanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto alipigwa kofi la mgongo kabla ya kufika "na la Mwana".

"Nyinyi nafagia ao nacheza?" aliuliza. "Pisheni."

Aliinama, akafungua bomba dogo la pipa, akaweka chupa ya soda chini yake. Maji yalitoka kwa kusitasita, ya manjano, na kitu kikapita shingoni mwa chupa kikitingisha mkia.

"Kukhu," Nerima alisema, "hiyo maji inanuka."

"Nyamaza! Baraka hainuki. Pua yako ndio inanuka."

"Unapeleka wapi, Kukhu?"

"Kwa Sandra, mjukuu yangu. Toto inaharisha tangu jana, na mama yake iko ng'ambo, soko ya Kenya. Kila asubuhi nampa kifuniko moja, na mimi kifuniko moja. Leo nampa kikombe mzima. Dawa ya Mungu haina kipimo."

Akaondoka na chupa yake kwapani.

Kila asubuhi! Nerima aliona kijito, akaona matumbo yanakamuliwa, akaona kidole gumba cha Arthur kinachungulia kwenye tundu. Na Sandra alikuwa hata hajafika umri wa kwenda shule.

"Usiende," Arthur alisema, akamshika mkono. "Nerima, mimi nakuomba. Hiyo Jumapili ya Askofu ipite tu, halafu utasema."

"Jumapili Sandra atakuwa wapi?"

Akautoa mkono wake, akatupa fagio, akakimbia.

Alimkuta Kukhu amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, Sandra amelegea mapajani kama kitambaa kilicholowa. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni. Mtoto alikuwa anageuza uso kwa harufu, na bibi anaurudisha.

"Kukhu, ngoja! Panya... panya ilikufa kwa pipa!"

Kukhu alifikiri kidogo. "Ilikufa kabla Padri anabariki ao nyuma?"

"Kabla," Nerima alisema, bila kujua anajiingiza wapi.

"Basi ilibarikiwa na yenyewe. Haina neno. Kunywa, Sandra."

Hapo Nerima aliona kwamba uongo umeishiwa nguvu. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu, kile ambacho hakukitaka.

"Si panya! Ni sisi, Kukhu! Mimi na Arthur. Hatukwenda kwa pampu. Tulichota kijitoni nyuma ya bucha, pale wanaosha matumbo. Tukachuja na soksi ya Arthur, na ilikuwa imevaliwa!"

Kikombe kilishuka polepole. Kukhu alimtazama Nerima, akatazama kikombe, akanusa. Labda ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza tangu Pasaka kunusa kwa pua yake mwenyewe badala ya kunusa kwa heshima.

"Imevaliwa?" aliuliza.

"Alikuwa ametoka kucheza."

Kukhu Nasirumbi aliweka mtoto kwenye mkeka, akasimama, akaenda nyuma ya migomba. Sauti zilizotoka huko sitaziandika, maana wengine mnasoma mkiwa mmetoka kula. Aliporudi alikuwa anafuta macho na mdomo kwa lesso.

"Ita Swabur wa bodaboda na pikipiki yake," alisema. "Tunakwenda Masafu, hospitali."

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Mtoto anakunywa maji gani?" Na Kukhu ilibidi aeleze, mbele ya watu wote waliokuwa wanangoja. Alipofika kwenye soksi, mama mmoja alihamisha kiti. Sandra alipewa maji ya chumvi na sukari na vidonge, na jioni alikuwa analilia mandazi, ambayo ni dalili nzuri.

Jumatano, baada ya masomo, darasa la Kipaimara lilikutana tena. Mwalimu Teopista alikuwa amelilaza pipa uani. Nerima na Arthur walikuwa ndani yake karibu nusu mwili, wanasugua kwa majivu na sabuni. Maji machafu walikuwa wameyamwaga shimoni kwenye ardhi, maana kitu kilichobarikiwa hakimwagwi njiani. Arthur alitapika mara moja, akasugua na hayo pia. Jumapili iliyotangulia, alipoona Nerima amesimama peke yake mbele ya Mwalimu akikiri, alitoka benchini mwenyewe akaenda kusimama kando yake.

Kukhu Nasirumbi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, Sandra mapajani, anatazama kazi kama askari.

"Sogeeni wote," Mwalimu Teopista alisema. Pua yake bado ilikuwa imekunjamana. "Maji ya baraka ni ya nini?"

"Kufukuza shetani," mmoja akajibu.

"Kuponya tumbo," mwingine akasema.

"Ndiyo maana tumefika hapa. Maji haya yanatukumbusha Ubatizo. Unajigusa, unafanya ishara ya msalaba, unamkumbuka Mungu aliyekuosha dhambi. Ni sala. Baraka ya Padri haichemshi maji, wala haiui viluwiluwi. Mungu alitupa moto na sufuria, anataka tuvitumie. Mgonjwa tunamwombea, na hospitali tunampeleka. Mnasikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na uongo je? Mliona ile pipa. Siku ya kwanza ilikuwa safi kwa macho. Ukifunika uongo hauozi mara moja, unangoja jua. Padri amesikia yote. Nerima na Arthur watakwenda kwa Kitubio kesho, na Jumapili watapata Kipaimara, kwa sababu mmoja alisema ukweli wakati ulikuwa unamgharimu, na mwenzake alimfuata. Lakini maji ya hapa watachota wao mpaka Krismasi. Pampuni. Kwenye laini."

Arthur alitazama upande wa uwanja wa mpira.

Mwalimu alikuwa anafunga kitabu chake Kukhu Nasirumbi aliposimama. Watoto wote walinyoosha migongo, kila mmoja akijiuliza amekosa nini. Lakini Kukhu alikuwa anatazama chini, anavuta shanga za rozari yake.

"Mwalimu," alisema, "askofu wa zamani alipokuja, mimi nilikuwa ng'ambo nauza ndizi. Kipaimara sikupata. Nilirudi, nikakaa benchi ya mbele, watu wakafikiri niko nayo, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimezeeka. Na ile habari ya maji uliyofundisha leo, mimi sikujua."

Mwalimu alifungua kitabu chake tena.

"Kama nafasi iko, niandike na mimi kwa hii darasa," alisema. "Lakini usinikalishe karibu na huyu wa soksi."