Chiriku Ni Mama Yangu

Kila alasiri Kipengo alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akapasha chakula moto, akala peke yake. Ng'ambo ya ukuta, redio ya jirani iliimba kwa sauti ya mama yake, mwanamuziki aliyejulikana mji mzima kwa jina la Chiriku. Kipengo alitega sikio ukutani. Siku nyingine hakuisikia sauti ya mama isipokuwa hiyo.

Katika shule ya zamani wenzake walikuwa wakimcheka: "Mama gani huyo, anaonekana magazetini tu?" Kwa hiyo alipohamia shule mpya, alimwambia msichana wa dawati lake, "Mama yangu ni mshonaji."

Siku ya wazazi, mama alifika bila kutarajiwa. Wanafunzi wakamzingira kama siafu.

"Unamjua?" msichana wa dawati akamnong'oneza Kipengo.

"Simjui. Labda ni shangazi wa mtu."

Mama alikuwa hatua mbili tu nyuma yao. Tabasamu lilimganda usoni. Kisha akawaambia watoto, "Nimekuja kumsalimu mwalimu wenu," akaingia ofisini bila kumtazama mwanawe.

Nyumbani Kipengo alimkuta ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

"Nisamehe, mama."

Mama alimwashiria aketi kando yake. "Unajua kwa nini niliachana na meneja wangu?"

"Mlikosana."

"Alitaka niseme redioni kwamba sina mtoto. Eti mashabiki hawampendi mwimbaji mwenye mzigo. Nikamwambia, yule si mzigo, ni mwanangu. Tangu siku hiyo natafuta kazi mwenyewe, napanga safari mwenyewe, hata spika nabeba mwenyewe."

Kipengo akaangua kilio. "Nilichoka kuchekwa. Na nyumba hii iko kimya mno, mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Hukuwepo."

"Hapo umenipata, mwanangu. Kosa hilo ni langu." Akachukua kalenda, akafuta maonyesho ya Jumanne na Alhamisi. "Siku hizi mbili ni zetu. Sasa, kosa lako utalirekebisha vipi?"

Kesho yake Kipengo aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa. "Niliwadanganya. Chiriku ni mama yangu." Wachache walicheka. Wakati wa mapumziko msichana wa dawati alimfuata, akauliza, "Ina maana hata kuniamini hukuniamini?"

"Niliogopa."

"Usirudie," alisema, akampisha kwenye benchi.

Jumanne mama alikuwa jikoni Kipengo aliporudi. Alimsikiliza akisimulia yaliyotokea darasani mpaka mwisho, kisha akaweka mwiko chini.

"Mimi husimama mbele ya maelfu wanaompenda Chiriku, lakini hawanijui mimi. Upweke huo usijitafutie, mwanangu. Ukijificha ndani ya uongo ili upendwe, anayependwa ni mwingine, na wewe unabaki nje ukitazama. Waambie watu wewe ni nani. Watakaobaki, hao ndio wako."