Jina Lililopigiwa Chafya

Siku hiyo Kimeli wa Kiptere alichuma majani ya chai hadi adhuhuri, akayapeleka kituoni kupimwa, kisha akapanda boda hadi mjini Litein kununua pedi za hedhi. Alizificha chini ya unga kama mwizi. Tangu azikwe mkewe, Chepkurui, alikuwa akiahirisha mazungumzo ya kuvunja ungo na binti yao, Janeffer. Msichana alikuwa amerefuka ghafla. Chunusi zilimjaa usoni, hasira zilikuwa karibu, machozi karibu zaidi. Kila jioni Kimeli alichoka kabla hajapata maneno. Mwishowe akamwita dada yake, Rebeccah.

Rebeccah aliingia chumbani kwa msichana akicheka. Alitoka bila kicheko.

"Yote anayajua," alinong'ona. "Damu, maumivu ya tumbo, namna ya kujiweka safi. Nani amemfundisha?"

"Si mimi. Mimi hata pedi zimenishinda kumpa."

"Anasema ni mama yake. Humjia akitoka shule, wakasimama bega kwa bega, akampima urefu. Anamwambia amebakisha kidogo tu."

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati.

"Unakumbuka tulipomtafutia jina?" Rebeccah aliendelea. "Tuliwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, ili mtoto apige chafya kwa jina la yule anayerudi ndani yake. Kimya. Hata ugoro haukusaidia. Mama yetu akachoka, akatania, 'Au ni Chepkurui mwenyewe?' Mtoto akapiga chafya. Tukacheka, ndugu yangu. Tulikuwa tumemwita mtu aliye hai." Akamshika mkono. "Usimwite binti yako jina hilo. Hata kwa kuteleza ulimi."

Mawe yalipokoma, Rebeccah akaenda zake. Ukungu ulipanda kutoka mashambani. Kimeli alisinzia kitini, na alipofumbua macho, mtu alikuwa jikoni akikoroga chai. Leso imefungwa fundo upande wa kushoto, kama alivyozoea mkewe. Shingo imeinama kidogo. Alijua ni binti yake. Alijua kabisa. Lakini alikuwa amechoka.

"Chepkurui," akasema.

Mwiko ukakoma.

"Nilidhani hutaniita kamwe." Ilikuwa sauti ya mtu mzima. Akageuka polepole. "Umekonda, Baba Janeffer."

Kwa pumzi moja, Mungu amsamehe, Kimeli alifurahi.

"Janeffer yuko wapi?"

"Amelala. Kukua kunamchosha. Mwache."

Kimeli akapiga magoti.

"Kila siku nimekuomba urudi," akanong'ona. "Leo nakuomba uende. Niachie mtoto."

Chepkurui alimtazama. Chai ikafurika, moto ukazimika, na msichana akaanguka sakafuni.

"Baba?" Ilikuwa sauti yake, nyembamba, yenye kukwaruza. "Mbona unalia? Nani amemwaga chai?"

Kimeli akamshika mkono wa kushoto kumwinua. Kwenye kidole cha pete ngozi ilikuwa imebonyea na kupauka, mviringo mzima, kama ya mtu aliyevua pete ya miaka mingi.

Janeffer hajawahi kuvaa pete. Chepkurui alizikwa na yake.