Vibao Vitatu na Orodha ya Watoto

Kila asubuhi ya likizo, Disha alimsaidia baba yake, Shashikant, katika duka lao la vifaa vya ofisi mjini Kisii. Alifagia, akapangusa vumbi kwenye taipureta, kisha akapanga karatasi. Lakini Jumatano moja ya Aprili mwaka wa 1998, baba alimpa kazi ambayo hakuwahi kumpa, yeye mtoto wa darasa la saba.

Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na kompyuta tatu za kupakata, kila moja ya kampuni tofauti. Ya kijivu ilikuwa ya Sista Esnah, muuguzi wa zahanati moja karibu na Ikonge. Alilalamika kuwa kibao chake, yaani kile kiraba laini cha kutelezesha kidole ili kusogeza mshale kwenye skrini, kilikuwa kikimsumbua. Nyeusi na nyeupe zilikuwa za duka. Disha alitakiwa kuvijaribu vibao vyote kwa kidole kikavu na kwa kidole chenye maji, kwani wauguzi hunawa kila mara, na kuandika daftarini alichokiona. Saa nane Sista angekuja kuamua kama abaki na yake au aibadilishe.

Disha alianza na nyeupe. Mfumo wake wa kuendeshea haukufanana na wa zile mbili, na kibao chake kilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikidonoa kibao chenyewe, hapakutokea chochote. Nyeusi ilikuwa na vitufe viwili; kidole chenye maji kiliufanya mshale uchechemee, lakini ulitii. Yote hayo aliyaandika kwa hati nzuri.

Kisha akaigusa ya kijivu. Mshale uliruka. Akadonoa ili aurudishe, kumbe kwenye kibao hiki kudonoa ni sawa na kubonyeza kitufe. Mshale ulinasa faili iliyoandikwa "Watoto wa Kliniki", ukaiburuta hadi pembeni, na kufumba na kufumbua faili haikuonekana tena.

Disha aliitafuta kila pembe ya skrini, asiione. Hatimaye akafunga kifuniko. Angeandika kwamba kibao kile kinaruka, wangeifungua waikague, na upotevu wa faili ungejulikana. Basi akaandika: "Kijivu: kizuri, hakina shida."

Kila mteja aliyeingia, Disha alishtuka akidhani ni Sista.

Saa nane Sista Esnah akafika, kitambaa chake cha kichwani kimelowa mvua. Alilisoma daftari, akashangaa, kisha akasema pengine shida ilikuwa vidole vyake vilivyozoea jembe. Angebaki na kompyuta yake. Shashikant akamwagiza fundi wao, Ogari, aisafishe kabla haijaondoka, amwage takataka zote zilizomo, yaani faili zilizotupwa.

Wakisubiri, Sista alisimulia kuwa orodha iliyomo ndani aliichapa kwa miezi mitano, kwa sababu kadi zenyewe zilioza paa lilipovuja. Mwaka uliopita mtoto aitwaye Mong'ina alichomwa sindano ya dawa isiyopatana na mwili wake, nusura afe. Jina lake lilitiwa alama kwenye orodha hiyo, pamoja na wengine kumi na mmoja. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Disha aliona kidole cha Ogari kikiteleza kwenye kibao. Akamfikiria Mong'ina, ambaye hakuwahi kumwona.

"Anko Ogari, ngoja," alisema. "Baba, nimepoteza orodha ya Sista. Niliandika uongo ili msijue."

Ogari aliinua mkono taratibu. Skrini ilikuwa tayari ikimuuliza kama ana hakika anataka kufuta. Akakataa, akafungua pipa la takataka la kompyuta, akachungulia.

"Iko humu," alisema. "Ningebonyeza mara moja tu, ingekwenda kabisa."

Faili ilirudishwa. Sista Esnah aliisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, na alipolifikia jina la Mong'ina akajitupa kitini. Shashikant alimkaripia binti yake, kisha akampa kalamu afute uongo aandike kweli. Baada ya kuisoma kweli hiyo, Sista aliichagua ile nyeusi: ilitumia mfumo aliouzoea, na kibao chake hakikuruka. Ogari akamnakilia orodha humo na kwenye disketi mbili.

Disha alisimama kando, machozi yakimlengalenga. Sista Esnah akamvuta karibu.

"Kwetu zahanatini," alimwambia, "anayekosea dawa akasema papo hapo, mgonjwa tunamwokoa. Anayekosea akanyamaza ndiye anayetuulia watu. Wewe ulichelewa, mwanangu, lakini ulisema. Siku nyingine, hofu ikikushika, sema kabla haijakufundisha uongo."